Tulikwenda Kutafuta Kaburi, Tukachimbiwa Jipya

Tangu nirudi, kila anayenipigia simu ana swali moja: ni kweli Bi Zuwena alifufuka? Jawabu ni hapana, kwa sababu hakufa. Lakini siwalaumu mlioisikia hivyo, maana hata mie niliyekuwepo, kuna kitambo kidogo pale nilikuwa sina uhakika. Na kuieleza kwa simu nshashindwa. Kila nikifika pale pa kafuri nakatika kwa kicheko, mwenzangu upande wa pili anasema "Haloo? Haloo?" mpaka simu inakatika yenyewe. Basi naandika mara moja, msome kwa raha zenu.

Kwa msiotujua vizuri: Bi Zuwena ni mama yangu, tunakaa naye Azaiba, hapa Maskati. Mdogo wake ni Bi Salma, anakaa Mawaleh. Mama yao, bibi yangu Thuwaiba, alirudi Oman kutoka Unguja miaka ile watu walipokuwa ndo kwanza wanaanza kurudi. Mumewe alikwisha kumtangulia mbele ya haki. Alikuja na mabinti wawili, Mama msichana wa kubeba ndoo, Bi Salma bado wa kubebwa yeye, akapelekwa kijiji cha wazee wa mumewe, Falaj Sumra, bara ndani, nyuma ya milima. Hakumaliza mwaka. Homa ikamchukua, watoto wakaletwa Matrah kwa mjomba wao, na hakuna aliyerudi tena kule.

Mwezi uliopita kaka yangu Nassor akapata ujumbe kutoka kijijini. Makaburi ya Wazinjibari, ndivyo wanavyotuita sisi wa Unguja, yanajengewa ukuta. Mwenye mtu wake aje aonyeshe kaburi, jina liandikwe. Lisilo na mwenyewe litaandikwa "Muislamu" basi.

Mama akasema, "Kaburi la mama nalijua. Juu kule, chini ya jabali."

Bi Salma akasema, "Kaburi la mama nalijua. Bondeni, karibu na mfereji."

Ugomvi huu umenizidi umri. Nimezaliwa nimeukuta, na kila Idi unapashwa moto pamoja na pilau. Nassor akaamua: wote wawili garini, twende tukamalize.

Azaiba mpaka Mawaleh, kwa kupitia jikoni

Tulipanga kuondoka baada ya Alfajiri. Tulipofika Mawaleh kumchukua Bi Salma, tulimkuta jikoni, mafuta yanachemka.

"Nakaanga katlesi za njiani," alisema.

"Mama mdogo, njiani kuna mikahawa," Nassor alimwambia.

"Mikahawa ina katlesi zangu?"

Tukakaa. Zikaja katlesi, zikaja kachori, ukaja mkate wa ufuta, likaja birika, ikaja na sufuria ya kuku wa kupaka ambayo hakuna aliyeielewa, kwa sababu kuku wa kupaka haliwi kwa mkono mmoja gari likiwa kwenye kona. Bi Salma alisema huwezi kwenda kwa mama yako mikono mitupu. Mama akamkumbusha kuwa mama yao ni marehemu. Bi Salma akasema, "Majirani zake je?" Mama akaibeba sufuria mwenyewe mpaka garini.

Kisha vikaja vita vya kiti cha mbele. Mama alisema yeye mkubwa. Bi Salma alisema magoti yake hayakunji. Nassor, ambaye kwa kazi yake ofisini huamulia watu wazima wenye shahada, alisimama kwenye jua na funguo mkononi, akashindwa. Mwisho walikubaliana kupokezana. Mimi sikuulizwa; nilipewa siti ya nyuma kabisa, pamoja na sufuria.

Kituo cha petroli

Safari haijachanganya, Bi Salma akataka chai. Si kwamba birika lilikuwa tupu. Alitaka chai ya kununua, ya maziwa, ile nzito ya kikombe cha karatasi.

Aliyekuwa dirishani alikuwa msichana wa Kikenya, mchangamfu, anasema na wateja kwa Kiarabu cha Ghuba alichokiokota hapo hapo kazini. Alipotusikia tunaongea Kiswahili aliacha kila kitu.

"Aki nyinyi mnaongea Kiswahili! Karibuni sana. Na huyu shosho nimpatie nini?"

Mama akageuka. "Ananambia shosho. Shosho ndo nini?"

"Ni heshima tu, mama," alisema yule msichana. "Shosho ni nyanya."

Jamani! Nilimwona Mama akivuta pumzi, nikajua.

"Mie nyanya? Mie tungule, mie?"

"Hapana mama, si nyanya ya kupika! Nyanya, mamake mama!"

"Mama yake mama ni bibi! Nyanya inakwenda mchuzini!"

Foleni nzima ya madereva ikatugeukia, na Bi Salma alikuwa ameegemea pampu ya mafuta kwa kicheko. Yule msichana hakukasirika hata kidogo. Alitengeneza vikombe, akamwekea Mama mkate wa chapati wenye jibini na krispi za pilipili, akasema huo ni zawadi ya bibi na si ya nyanya. Mama akaula wote. Alipokuwa anaondoka akamuuliza mamake yuko wapi, akaambiwa Nakuru, akasema, "Mpigie leo. Mwambie Bi Zuwena anamsalimu." Na yule msichana akapiga hapo hapo, tukasimama tena kumsalimia mwanamke wa Nakuru ambaye mpaka leo hajui sisi nani.

Hapo ndipo Mama alipoamua kumpigia Bwana Khalfan, mwalimu mstaafu wa kijijini anayesimamia kuandika majina ya makaburi. Nassor alisema, "Nipe mie niongee." Mama akasema Kiarabu anakijua. Anakijua kweli, ila cha kwake, na upepo wa kituo kile ulikuwa unapeperusha mpaka vikombe. Alipiga makelele kwenye simu akizunguka gari: mama yetu, kaburi, tunakuja leo, kabla ya Alasiri. Akakata, uso umemng'aa.

"Watu wa bara wana adabu," alitwambia. "Mama kafa hata nyinyi hamjazaliwa, na bado kanipa mkono wa pole. Karibu alie."

Tukasema mashaallah, tukapanda gari.

Wadi

Milimani kulikuwa kumenyesha. Sisi tulikuwa kwenye jua kali, hatuna habari, mpaka tulipokuta magari yamejipanga na mbele yao barabara haipo. Wadi imeshuka, lile korongo kavu limejaa maji ya mvua. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita pale pa lami, yanabeba matawi, ndoo, na kiti kimoja cha plastiki kilichopita kimekaa wima utadhani kina mtu.

Kwenye wadi hakuna la kufanya ila kungoja. Watu walishateremka, wametandika mikeka, wamewasha majiko ya gesi, kahawa inazunguka na tende. Mbele yetu kulikuwa na gari la wazi limejaa mbuzi, na mwenye gari kasimama karibu, kilemba kimekaa upande, ndevu mpaka kifuani, Mbedui khasa wa kuchora.

Bi Salma alimtazama vizuri. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwa Kiswahili ni pazia, "Dada, mtazame yule na zile ndevu. Hujui nani kamfunga nani hapo, yeye au mbuzi."

Yule mtu alimaliza kahawa yake, akatikisa kikombe, akaja polepole mpaka dirishani.

"Mie ndo nliyewafunga, bibi," alisema. "Ila yule beberu mweusi nna wasiwasi naye."

Kiswahili cha Pemba, kimenyooka! Bi Salma alijifunika uso kwa mtandio. Mama alicheka mpaka akagonga honi kwa kiwiko, maana zamu ya kiti cha mbele ilikuwa yake na alikuwa amemwinamia Nassor. Yule bwana aliitwa Seif. Kazaliwa Pemba, kaletwa mdogo, mamake hakuwahi kusema nao lugha nyengine mpaka anaingia kaburini. Kiswahili chake, alisema, siku hizi anasema na mbuzi.

Aibu ya Bi Salma ikageuka katlesi. Alimlisha yule bwana mpaka akaomba msamaha yeye. Kisha ikafunguliwa na sufuria. Pale kandoni mwa wadi, juu ya mkeka wa watu tusiowajua, kuku wa kupaka aliliwa na Mbedui wa Pemba, na dereva wa lori wa Kipakistani, na familia moja ya Sur iliyotupa wali wao, na hakuna aliyemwuliza mwenzake anakwenda wapi mpaka mifupa ilipobaki mitupu. Mama alinidokeza, "Usimwambie Salma, lakini alifanya vizuri kumleta huyu kuku."

Maji yalipopungua, Alasiri ilikuwa imekaribia. Bwana Seif alisema njia ya Falaj Sumra ina mawe, atatangulia yeye. Mama alikuwa na kichefuchefu, kachanganya jibini na kuku na kahawa, akameza kidonge cha safari, akajilaza siti ya kati urefu wote, akajifunika mtandio mweupe usoni kwa ajili ya jua. Bi Salma akahamia mbele. Matope yalikuwa yameziba taa yetu moja, basi Nassor akawasha zile taa za hatari za kuwaka na kuzimika, tukaenda mwendo wa pole, nyuma ya gari la mbuzi wanaolia.

Tafadhalini, hebu tazameni hiyo picha kwa macho ya mtu anayetungoja.

Falaj Sumra

Kijiji kizima kilikuwa barabarani.

Wanaume wamepanga mstari, kanzu nyeupe, vilemba, kimya. Pembeni kuna jeneza limeegemezwa ukutani. Nilimwambia Nassor, "Masikini, wana msiba. Tumewaingilia siku mbaya." Nassor akapunguza mwendo zaidi kwa heshima.

Mzee mmoja mwembamba mwenye miwani akaja dirishani, ndiye Bwana Khalfan, akamshika Nassor mkono kwa mikono yake miwili: "Adhama-Llahu ajrakum."

Nassor, mtu wa adabu, amezoea kwenda maziko tangu mdogo, ulimi wake ukajibu wenyewe jawabu la mfiwa: "Shakara-Llahu saayakum."

Ikawa imethibitika. Wanaume wakainamisha vichwa. Wanawake wakalizunguka gari, maana maiti ni wa kike, wakafungua mlango wa kati. Mbele yao alikuwa bibi mmoja mdogo, mkavu, mkono mmoja bakuli la kafuri, mwengine pamba. Akaingiza mwili nusu garini, akafunua ule mtandio, akamwekea Mama kiganja kwenye paji la uso.

"Bado ana joto, masikini," alisema kwa Kiarabu. "Kafa njiani."

Mimi nilikuwa siti ya nyuma, sufuria mapajani, nikanyoosha shingo kutazama kama kifua cha Mama kinapanda.

Mama, macho yamefumba, akasema kwa Kiswahili, "Salma, ondoa mkono wako, wanuka kafuri."

Sijapata kuona watu wakitawanyika namna ile. Mmoja alirudi kinyumenyume mpaka akakaa ndani ya sinia. Mwengine alisoma shahada kwa mpigo mmoja na jina la mumewe. Mstari wa wanaume ulipinda. Bwana Seif alikuwa anateremka garini kwake kutoa salamu, akapanda tena. Aliyebaki ni yule bibi wa kafuri tu, kwa sababu sikio lake zito, hakusikia kitu. Alikuwa ameshatoa kitambaa na anamfunga Mama taya.

Mama akafumbua macho. Wakatazamana, pua kwa pua.

"We nani?" Mama aliuliza kwa Kiarabu.

"Shinuna," alisema yule bibi. "We si umekufa?"

"Sijafa!"

"Sasa umeniamshia nini usingizini?"

Kufika hapo Bi Salma alikuwa amelala juu ya dashibodi, mabega yanatikisika, na wanakijiji walidhani analia, wakampa maji.

Ilichukua muda kulifungua fundo. Bwana Khalfan aliapa kuwa aliambiwa mama yetu, kuzikwa, leo. Mama akaapa kuwa alisema mama yetu aliyezikwa. Kwa Kiarabu tofauti yake ni ndogo, na upepo ulikuwa umeimeza yote. Kisha Mama akauliza swali ambalo sote tulikuwa tunaliogopa.

"Na kaburi?"

"Liko tayari," alisema Bwana Khalfan, na uso umemshuka.

"La nani?"

"La... lako, mama."

Mzee mmoja nyuma yake, sururu bado iko begani, alisema kwa masikitiko kwamba ardhi ya pale ni mawe matupu na vijana wamechimba tangu adhuhuri. Mama akamwambia, "Pole sana. Mngenishauri ningefia pwani kwenye mchanga." Hapo ndipo mtu wa kwanza alipocheka, kisha kicheko kikapita mstari mzima, na wale waliotawanyika wakarudi mmoja mmoja kumgusa Mama mkono, kuhakikisha.

Lakini yeye hakukubali kunywa hata kahawa. Kaburi lililo wazi, alisema, huita. Kwanza lifukiwe. Akaongoza njia mwenyewe.

Mawe mawili, mawe matatu

Njiani Bwana Khalfan alituhadithia. Wale wa kwanza waliorudi walishuka Matrah wakaletwa na lori, na kijiji hakikuwa na nyumba za kuwatosha. Wakapewa kipande ng'ambo ya mfereji. Wakajenga vibanda vya makuti ya mtende, wakapima pahala pa kulima. Kabla hawajapanda kitu, mzee wao mmoja akafa. Hawakujua watu wa kijiji wanazika wapi, waliona haya kuuliza, wakamzika kwenye lile shamba. Akafuata wa pili. Shamba halikulimwa tena. Wenyeji waliposikia walikasirika, alisema Bwana Khalfan: wageni gani hawa wanazika peke yao, hatuna mikono? Tangu siku hiyo hakuna maziko ya Mzinjibari yaliyopita bila kijiji kizima kutoka. Nikafahamu kwa nini tulipokewa vile.

Ni kilima kidogo cha changarawe, kimeshuka mpaka mferejini. Makaburi hayana maandishi. Ni mawe tu: mawili kwa mwanamme, kichwani na miguuni, na matatu kwa mwanamke, la tatu katikati. Hilo ndilo daftari lote lililopo. Sisi wanawake tulisimama nje ya mstari wa mawe, kama desturi yao, na vijana wakaanza kulifukia kaburi la Mama kwa koleo, yeye akisimamia. "Pale kona bado. Shindilieni. Sitaki nafasi."

Lilipojaa, ndipo Nassor akapelekwa ndani kututafutia Bibi.

"Juu!" Mama alipiga kelele. "Chini ya jabali! Mawe matatu!"

"Bondeni!" Bi Salma naye. "Karibu na mfereji! Mawe matatu!"

Nassor alipanda, akashuka, akapanda tena, kanzu kaikusanya mkononi. Juu kulikuwa na mawe matatu. Bondeni kulikuwa na mawe matatu. Bwana Khalfan alisimama na simu yake tayari kuandika, anamtazama huyu, anamtazama yule.

"Nilikuwa juu ya paa," Mama alisema. "Niliwaona kwa macho yangu wakimpandisha."

"Na mie nilikuwa mlangoni," Bi Salma alisema, "nikawaona kwa macho yangu wakimteremsha. Nililia mpaka nikatapika. Utaniambia mie sikumwona mama yangu?"

Sauti yake ilibadilika, na sote tukaacha kucheka. Niligundua pale kwamba miaka yote nilidhani ni ubishi wa kindugu. Bi Salma kwa mama yake hana kitu chengine. Hana sura, hana sauti. Ana siku ile moja tu, na dada yake alikuwa anamwambia kila mwaka kuwa hiyo nayo si kweli.

Bibi Shinuna alikuwa amekaa juu ya jiwe, bakuli la kafuri bado liko mapajani. Hakuwa amesikia ubishi, aliona vidole tu, kimoja juu kimoja chini. Akauliza, tena kwa Kiswahili, na sote tukageuka: "Nyinyi ni watoto wa Thuwaiba?"

Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, cha kizamani, cha "hebu" na "ati" na "haya tena". Mama akainama kwenye sikio lake. "Ndio! Kiswahili umejifunza wapi?"

"Kwa Mwanakhamis. Nilikuwa bibi harusi mpya, sijui kupika, Mwanakhamis akinipigia kelele mpaka nikajua." Akanyoosha mkono juu jabalini. "Thuwaiba yule pale. Nilimwosha mie na Mwanakhamis." Akateremsha mkono bondeni. "Na Mwanakhamis yule pale. Nilimwosha peke yangu."

"Mwanakhamis gani?" Bi Salma aliuliza.

Lakini Mama alikuwa amebadilika rangi. "Mwanakhamis alirudi Unguja," alisema.

"Karudi na nini?" alisema Bibi Shinuna. "Kwa miguu?"

"Waliniambia karudi! Niliposimama kutoka homa nikamwulizia, nikaambiwa kaondoka, karudi kwao!"

"Tulikwambia. Homa ile ile iliyomwondoa mama yako ilimwondoa na yeye, hata wiki haijesha. Na wewe umelala, macho yamepinduka. Tungekwambia na la pili ungewafuata." Kisha akamtazama Bi Salma kutoka chini mpaka juu. "Na huyu ndo yule mtoto wa kiunoni? Mama yako alikuwa mgonjwa tangu mlipofika, hawezi kunyanyua hata kata ya maji. Wewe ukikaa kiunoni kwa Mwanakhamis. Mama ukimwita yeye. Thuwaiba alipozikwa tulikufungia ndani na mwanangu, hukujua kitu. Mwanakhamis alipotolewa ulichomoka mlangoni ukapiga kelele, mama, mama, kijiji kizima kikalia."

Nassor alikuwa katikati ya kilima, mikono imening'inia, hajui aende juu au chini.

Mama alikaa chini pale pale kwenye changarawe, yeye na buibui lake zuri la kununua Qurum. "Mie nlimkasirikia," alisema. "Nlisema katuacha bila ya kuaga. Ndo maana sikumtaja. Hata jina lake sikulitaja kwa mtoto."

Bi Salma alishuka kando ya mstari wa mawe, na yale magoti yake yasiyokunja, mpaka usawa wa lile kaburi la bondeni, akachuchumaa.

Wali wa wafiwa

Wali ulikuwa umeshapikwa, wa watu wa maziko, na nyama ya mbuzi, na hauwezi kurudi chunguni. Tuliula. Kila aliyeingia alimpa Mama mkono wa pole kwanza, kisha anakumbuka, kisha anampa mkono wa hongera. Bwana Seif alikuwa bado yupo, mbuzi wake wawili wameshafunguka na wamekula mbogamboga za Bibi Shinuna, na Bibi Shinuna alimtukana kwa Kiswahili fasaha ambacho hajakipata kwa mwengine ila Mwanakhamis, naye Bwana Seif anapokea kwa furaha kubwa, anasema ni mamake mtupu.

Baada ya kahawa Bwana Khalfan akatoa simu yake. Kaburi la juu: Thuwaiba, akaandika jina na la baba yake. Kaburi la bondeni: Mwanakhamis.

"Binti nani?"

Hakuna aliyejua. Alikuwa jirani wa Unguja aliyepanda meli pamoja na Bibi kwa sababu Bibi hakuweza kusafiri peke yake na watoto. Hakuwa na mtu Oman hii. Bwana Khalfan alisema pole pole kwamba sharti pawe na ndugu wa kumshuhudia, la sivyo litabaki bila jina.

"Mimi," alisema Bi Salma.

"Wewe nani yake?"

Bi Salma akamtazama dada yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akiomba ruhusa.

"Mwandike mama yake," Mama alimwambia Bwana Khalfan. "Andika. Huyu kapewa mama wawili, ndo maana kadeka hivi."

Kurudi

Tulilala kwa Bibi Shinuna, tukaondoka asubuhi na tende, na samli, na yule beberu mweusi ambaye Bwana Seif alisisitiza tumchukue na ambaye sasa yuko uwani kwangu Azaiba, mwenye kumtaka aje.

Njia nzima Bi Salma aliuliza, na Mama alijibu. Alikuwa mrefu? Mrefu, akiinama mlangoni. Mweusi mweupe? Maji ya kunde, na mwanya. Mkali? Mkali, alimpiga Mama kwa mwiko mara nyingi tu, na Mama akaonyesha pahala pake. Alijua kuimba? Hakujua, ila akiimba. Alipika nini? Chochote, hata siku ambazo unga hapana. Wadi ilikuwa imekauka, tulipita bila hata kuitambua. Mama alikuwa anakumbuka vitu ambavyo hakuvigusa tangu utoto, kimoja kinavuta chengine, hata akawa anajibu kabla ya kuulizwa.

Tulikuwa tunaingia Maskati, magari yanaongezeka, Bi Salma akauliza tena, kwa sauti ndogo.

"Dada, na mie akiniita nani? Akiniita Salma?"

Mama alifikiri.

"Wala," alisema. "Salma tulikuwa tukikuita sisi. Yeye akikuita 'wangu'. Yuko wapi wangu. Wangu keshakula? Ndo jina lako hilo, sikulisikia jengine."

Bi Salma akageukia dirishani. Mimi nikainamia sufuria tupu. Nassor akawasha waipa, na mvua hakuna.